Siku moja maishani mwangu: mpangaji wa uzalishaji kiwandani

Saa 1:00 asubuhi. Kabla ya kuwasha kompyuta napita stoo. Mfumo wa kompyuta una rekodi ya vifuniko 46,000 vya chupa za sabuni ya maji. Rafuni nakuta katoni moja ya 3,000 imelowa, vifuniko vimeota ukungu.

Saa 2:00. Hesabu. Tunatumia vifuniko 4,000 kwa siku, na oda huchukua siku 9 kufika: 36,000. Naongeza akiba ya tahadhari 8,000, kiwango cha kuagiza kinakuwa 44,000. Vinavyofaa ni 43,000, kwa hiyo naagiza leo leo. Kwa mujibu wa mfumo, ningengoja.

Saa 3:30. Kikao na watu wa mauzo. Msambazaji mmoja ameongeza oda maradufu, nao wanashangilia. Nauliza: madukani kwake bidhaa inatoka maradufu, au ameogopa tu kuishiwa? Kimya. Nikizalisha maradufu, nitaagiza malighafi maradufu, na anayeniuzia ataongeza yake juu. Mtikisiko mdogo dukani unakuwa mkubwa kila unapopanda ngazi. Jay Forrester, mtaalamu wa mifumo wa Marekani, aliuchambua mwaka 1961, na hadi leo unatutoa jasho. Tunakubaliana nizalishe sehemu tu ya nyongeza hadi walete takwimu za mauzo ya rejareja.

Saa 5:00. Kupanga laini ya uzalishaji, kazi ninayoipenda kuliko zote. Naanza na sabuni nyeupe, kisha njano, bluu mwisho. Kutoka nyeupe kwenda njano, kusafisha tangi ni dakika 40; kutoka bluu kurudi nyeupe ni saa 3 nzima. Fundi wa zamu huwa hanifichi: “Dada, ukiniwekea bluu mbele, tangi utaliosha mwenyewe.”

Saa 8:00 mchana. Barua pepe. Nyingi hazikuhitaji kuandikwa.

Saa 9:00. Mhasibu analalamika kwamba stoo imejaa pesa iliyolala. Ana hoja. Tukizalisha kiwango kilekile mwaka mzima, mashine na wafanyakazi wanatulia ila mzigo unarundikana. Tukifuata mahitaji, stoo inapungua ila zamu zinayumba. Mimi huchanganya: bidhaa zinazotoka kila siku nazipa kiwango kimoja, zenye msimu nazisubirisha hadi oda zianze kuonekana.

Saa 11:00 jioni. Nafunga ratiba ya siku 3 zijazo. Haiguswi isipokuwa mashine ikiharibika. Simu inaita, ni mauzo: “Kuna kaoda kadogo tu ka kesho…” Nawapa nafasi ya siku ya nne.