Nikifumba macho namsikia nani?

Kazi yangu ni manukuu, yale maandishi yanayopita chini ya skrini ili asiyejua lugha ya filamu aweze kuifuata. Ni kazi ya sikio kuliko jicho. Navaa hedifoni, nasikiliza sentensi, nairudisha nyuma, nasikiliza tena, naiandika kwa Kiswahili, kisha nahesabu kama itaenea kwenye mistari miwili ya herufi zisizozidi 42 kila mmoja. Sentensi ngumu naweza kuisikia mara kumi kabla haijanikubali. Mtazamaji humsikia mwigizaji mara moja akapita. Mimi najua mpaka pale anapovuta pumzi, na ndiyo maana lafudhi mbovu huniumiza.

Juzi nilikuwa na filamu ya mvuvi wa visiwa vya Uskoti. Mwigizaji wake ni Mmarekani, na kwa zaidi ya nusu saa alinibeba vizuri: r zake zinagonga ncha ya ulimi, irabu fupi, maneno yanamtoka kama mtu aliyezoea kushindana na upepo. Ikaja dakika ya 41. Mvuvi anagombana na mwenye mashua, sauti inapanda, na zile r zikaanza kujikunja ndani ya kinywa, moja baada ya nyingine. Alipofika mwisho wa sentensi, Uskoti ilikuwa imeshamtoka mdomoni. Nikabaki namtazama mtu aliyeazima sweta. Nimeliona hili mara nyingi: lafudhi ya kujifunza hukaa vizuri mtu akiwa ametulia, ila akilia, akicheka au akigomba, ulimi hurudi kwao.

Sisemi kwamba lafudhi isipokuwa sahihi basi filamu imeharibika. Mmarekani Dick Van Dyke aliigiza mtu wa mitaani London katika Mary Poppins, mwaka 1964, na Waingereza wameisema vibaya lafudhi ile kwa zaidi ya nusu karne. Mwaka 2017, alipopewa heshima na BAFTA, chuo cha filamu cha Uingereza, yeye mwenyewe aliwaomba radhi. Mimi naipenda filamu ile bila kinyongo chochote. Anakosea tangu sentensi ya kwanza hadi ya mwisho, kwa furaha ile ile, katika dunia ambamo yaya huja akipaa kwa mwavuli. Sikio hulizoea kosa lisiloyumba. Lafudhi ikiyumba ndipo namkumbuka mwigizaji na kumpoteza mhusika.

Njia ninayoipenda zaidi ni kumwacha kila mtu aseme kwa ulimi wake. Katika The Hunt for Red October ya mwaka 1990, Sean Connery ni nahodha wa nyambizi ya Kisovyeti. Filamu inaanza kwa Kirusi. Kisha, ofisa mmoja anaposoma kitabu kwa sauti, kamera inasogea taratibu mpaka kwenye midomo yake, anatamka neno Armageddon, ambalo ni lile lile kwa lugha zote mbili, na kamera inaporudi nyuma wanazungumza Kiingereza. Connery anasema Kiingereza chake cha Edinburgh, Uskoti, mpaka mwisho. Mtazamaji ameshaambiwa: hawa bado wanasema Kirusi, sisi tunasikilizishwa tu. Kamera imefanya pale kazi ninayoifanya mimi kwa maandishi, na kila nikiitazama nafurahi kama mara ya kwanza.

Chernobyl ya 2019, tamthilia ya televisheni kuhusu ajali ya kinu cha nyuklia cha Kisovyeti, haikuhitaji hata hilo. Jared Harris anasema kama Mwingereza, Stellan Skarsgård kama Msweden aliyeishi na Kiingereza miaka mingi, na hakuna anayejilazimisha kuwa Mrusi. Mwandishi wake, Craig Mazin, ameeleza kwamba waliona waigizaji wakipewa lafudhi huigiza lafudhi badala ya kumwigiza mtu. Nakubaliana naye kabisa. Tena kuna jambo jepesi ambalo watengenezaji filamu wengi hulisahau: Warusi wakizungumza wao kwa wao hawana lafudhi ya kigeni. Kwa nini basi tuwasikie wakikivunja Kiingereza jikoni kwao?

Hapo ndipo na sisi tunapoingia, na hapa sina upole. Kuna kitu ambacho filamu nyingi kutoka Marekani zimekuwa zikikitumia kama lafudhi ya Kiafrika. Kitu hicho hakipo. Mtu wa Lagos, wa Kampala na wa Johannesburg wakikutana na Kiingereza chao, kila mmoja ameshajitambulisha kabla hajataja jina. Filamu ikiwapa wote sauti moja nzito ya polepole, imewanyima mahali walikotoka. Mwigizaji anaweza kuwa hodari, machozi yake yakawa ya kweli, nami nisiguswe, kwa sababu sijui analia kutoka wapi.

Forest Whitaker hakufanya hivyo. Ili kumwigiza Idi Amin katika The Last King of Scotland ya mwaka 2006 alijifunza Kiswahili, akaenda Uganda kuonana na watu waliomjua Amin. Nikiisikiliza kwa hedifoni nasikia Kiingereza cha mtu aliyekipata jeshini, kwa amri, akakigeuza kuwa mali yake. Anachekesha, na sekunde ile ile anaogofya. Oscar aliyopewa mwaka 2007 aliichuma.

Naye Chadwick Boseman, aliyeigiza mfalme wa Wakanda, nchi ya kubuni ya Afrika, alisimulia kwamba kabla ya Black Panther ya 2018 kulikuwa na hofu kuwa lafudhi ya Kiafrika ingewashinda watazamaji. Hakukubali: Wakanda haikutawaliwa na mkoloni, iweje mfalme wake aseme kama aliyelelewa Ulaya? Kixhosa kikaingia kupitia John Kani, yule mkongwe wa Afrika Kusini aliyeigiza baba wa mfalme huyo. Nikimsikia Kani akitamka sentensi moja tu, najua hakuna aliyemfundisha.

Wanaonichosha kuliko wote ni wale wanaoitumia lafudhi kumfanya mtu mdogo. Daktari anasema sawasawa, mlinzi wa getini anapewa ulimi wa kuchekesha. Nchi nyingi zina filamu za namna hiyo.

Manukuu hayana lafudhi, na hilo linanisumbua hadi leo. Kiskoti, Kiirishi, Kiingereza cha mfalme, vyote vikifika kwangu vinakuwa Kiswahili kimoja kilichonyooka. Yule mvuvi nilijaribu kumpa lahaja ya pwani. Nikaandika "ndoo" pale alipomwita mwanawe badala ya "njoo", nikaenda hivyo kurasa tatu. Nilipoisoma tena niliona nimemtoa Uskoti na kumleta Mombasa, na sweta lake la baridi bado analo. Nikafuta zote.

Ile sentensi ya dakika ya 41 niliiandika hivi: "Wanangu hawali ahadi." Herufi chache, mstari mmoja.

Wiki iliyofuata dada yangu aliitazama filamu ile, mimi nimeketi nyuma yake. Ilipofika pale kwenye ugomvi niliinamisha kichwa, sikutaka kuzisikia tena zile r zikijikunja. Nilipoinua macho, dada alikuwa anafuta machozi kwa upindo wa kanga. Filamu ilipokwisha nikamuuliza kama aliisikia sauti ya yule baba ilivyobadilika.

"Sikuisikia," akaniambia. "Nilikuwa nasoma."