Nilivyopokewa na mrina asali wa Msitu wa Mau

Mzee huyu ni Mwogiek, wa jamii ya wakazi wa asili wa msitu huu wa Kenya. Anaishi peke yake upande wa Mariashoni, katika nyumba ya mbao ukingoni mwa Msitu wa Mau, bila umeme wala bomba la maji. Nilitaka sana kumtembelea, lakini si kama mtalii anayewinda picha. Nikapitia kwa mjukuu wake, ambaye nilisoma naye Njoro, nikamwomba aniulizie kama ningekaribishwa. Jibu lilikuja na masharti: nilete chumvi, majani ya chai na betri za tochi, ila sukari niiache dukani. Nisijipake manukato wala nisivae nguo nyeusi, maana vyote hukasirisha nyuki.

Nilipanda matatu Nakuru hadi Elburgon, kisha bodaboda. Tope liliposhinda pikipiki, tukamalizia kwa miguu. Atakayekwenda abebe sweta nzito, kule juu baridi haina msimu.

Nilimwamkia, akanipa chai iliyotiwa asali, halafu akarudi kwenye kazi yake bila maneno mengi. Nami sikumrushia maswali. Nilimshikia gogo la mtarakwa, mti wa jamii ya mwerezi, alilokuwa amelipasua katikati, akawa anachimba kila upande kwa tezo. Pande hizo mbili zikifunikwa pamoja, huo ndio mzinga. Mtarakwa haushambuliwi ovyo na mchwa, na mizinga mingine anayoirina aliitundika baba yake.

Mikono ikiwa kazini, mazungumzo yalikuja yenyewe. Zamani, alisema, kila ukoo ulikuwa na eneo lake lililopanda kutoka nyanda za chini hadi juu mlimani. Maua hayachanui wakati mmoja, kwa hiyo watu walihama wakifuata asali. Asali anayoipenda kuliko zote ni ile nyeupe ya maua ya mti uitwao silibwet. Hapo nilielewa kwa nini kumwondoa mtu kama huyu na kumpa shamba kwingine si kumfidia. Mwaka 2009 serikali iliwapa Waogiek ilani ya siku 30 wahame. Kesi ilifika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu kule Arusha, wakashinda tarehe 26 Mei 2017. Juni 2022 mahakama hiyo ikaamuru walipwe fidia na wapewe hati ya pamoja ya ardhi ya mababu zao. Hati hiyo mzee hajaitia machoni, na mimi naona ni aibu kwetu sote Wakenya.

Jioni alipanda mti pekupeku, akiwa na mfuko wa ngozi begani na kitita cha magome kinachofuka moshi. Alipuliza moshi mzingani polepole, akachukua masega yaliyojaa, yenye watoto wa nyuki akayaacha, na asali kidogo pia. Mimi nilisimama mbali, kimya, kama alivyoniagiza.

Nilipotaka kununua asali, sikumshusha bei. Alitaja, nikalipa. Kisha akamwambia mjukuu wake kwa Kiogiek, naye akanifasiria, kwamba mzinga ule tulioshikiana utatundikwa kabla ya silibwet kuchanua, na kwamba nafasi ya kuvuta kamba ni yangu nikitaka. Nimeshaomba ruhusa kazini.