Ishirini Mbaya, Weka Kumi na Mbili

Juzi binti yangu, yule wa mwisho mnayemjua kwa maswali, kanishika: "Mama, kuna gemu la hesabu, niwekee bando." Nikaweka. Ukipatia, katuni ya nyani inapiga makofi. Ukikosea, unaletewa tangazo la sabuni. Kacheza kidogo, kachoka, karudi nje kuruka kamba. Mimi nikabaki nawaza Mbagala, Dar es Salaam, nilikokuwa mwalimu.

Enzi zile nafundisha Hisabati darasa la tano, watoto wamebanana wanne wanne kwenye dawati, na mada ni Kigawe Kidogo cha Shirika. KDS, yaani namba ndogo kabisa inayogawanyika bila baki kwa namba zote ulizopewa. Leo wanapata vema, kesho wamesahau. Nikaanza kusaka mchezo. Bao nililijaribu kwanza: mashimo 32, kete 64, hesabu tele humo. Lakini wanacheza wawili, darasa zima linachungulia, na wavulana waliokulia pembeni ya vijiwe wakageuza kipindi ubishi wa nyumba, lile shimo maalumu la bao, inaliwa au hailiwi. Dakika 40 ziliisha kete za mkononi hazijaisha. Karata nilizifikiria nikaziacha. Mzazi akija ningemwambia nini?

Siku moja niko zamu, mapumziko, nikawakuta wasichana nyuma ya darasa wanacheza mdako. Kwa ninyi mliokulia ghorofani: ni shimo dogo lenye kokoto. Unarusha kokoto moja juu, unakomba za shimoni, unadaka ile kabla haijatua. Unarusha tena, unazirudisha zote ila moja. Zikiisha, unaingia mbili mbili, halafu tatu tatu.

Nikachuchumaa, sketi na yote, nikamwaga kokoto 20. Mmoja wao, ambaye daftari lake lilikuwa jekundu kwa kalamu yangu, hakuzihesabu hata kwa kidole. Alizitupia jicho tu.

"Mwalimu, ishirini mbaya."

"Mbaya kivipi?"

"Tatu tatu zinabaki mbili. Mtagombana." Akachota nane, akazitupa pembeni. "Weka kumi na mbili. Moja moja zinaisha, mbili mbili zinaisha, tatu, nne."

"Na tano tano?"

Wenzake wakacheka. "Tano tano hakuna anayefika, Mwalimu."

"Tuseme wewe umefika. Utaweka ngapi ili zote ziishe, kuanzia moja moja mpaka tano tano?"

Akanyamaza. Akafuta mchanga kwa kiganja, akaandika, akafuta, midomo inatembea. Kengele ikalia, hakuna aliyeinuka, na mimi wa zamu nikajifanya sijaisikia. Kisha akaniangalia kama mtu anayeshuku anataniwa.

"Sitini? Mwalimu, sitini si shimo litajaa kifusi!"

Ndiyo KDS hiyo, ya 1 mpaka 5, kutoka kwa mtoto aliyepata sifuri Ijumaa iliyopita.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Nikalitoa darasa nje, makundi makundi, kila kundi na shimo lake. Wavulana wakasema huo mchezo wa wasichana, wakagoma, wakaingia, wakashindwa vibaya. Habari zikafika ofisini. Wakubwa wakafurahi, wakataka mdako uwemo kwenye andalio la somo, na kila mtoto apewe alama. Nikaandika: zana, kokoto, muda, dakika 15, tathmini, kadhalika na kadhalika.

Alama za KDS zilipanda, siwezi kukataa. Ila zile kelele za "umekomba mbili!" zilikatika. Mtoto anarusha kokoto, anaidaka, ananitazama usoni kama nimeandika kitu. Sijui nilipaswa kuwajibu nini wakubwa. Mtihani ulikuwa unakuja, na mdako haupo kwenye karatasi.

Baadaye kidogo nikagundua wasichana wamehamisha shimo lao, liko kule karibu na matangi ya maji. Nikaenda, nikachuchumaa tena, nikaomba zamu. Yule bingwa wa sitini akafunika kokoto kwa mkono.

"Mwalimu, na hapa kuna maksi?"

Nikamwambia hakuna. Akawageukia wenzake kwanza, wakashauriana kwa macho.