Baba Alifika Kampala kwa Miguu

Huku Uingereza, ikiingia Novemba watu hubandika ua jekundu la karatasi kifuani. Tarehe 11, saa tano kamili asubuhi, kazi husimama na watu wakakaa kimya dakika mbili kuwakumbuka askari wao. Ni desturi ninayoiheshimu sana. Mwaka jana, kimya kilipokwisha, mwenzangu wa zamu akaniuliza kama kwetu kuna aliyepigana vita. Nikamwambia, baba yangu. Vita gani? Nilipomtaja Idi Amin akamjua papo hapo. Na nani alimwondoa? Hapo akakwama. Nimekutana na wengi wa namna hiyo: Amin wanamfahamu mpaka vyeo alivyojipachika, lakini askari wa Tanzania waliotoka Mutukula, mpakani, kwa miguu kwenda kumng'oa hawajapata kuwasikia.

Jioni nikampigia baba nikamsimulia. Akacheka. "Si lazima wanijue, mwanangu. Wewe mwambie tulifika."

Baba amefariki Februari mwaka huu, nyumbani Tabora. Nataka aandikwe.

Majeshi ya Amin yaliingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978. Yalipora ng'ombe, yakaua raia, yakavunja daraja la Kyaka. Tarehe 2 Novemba Mwalimu akalitangazia taifa kuwa sababu ya kumpiga tunayo, uwezo wa kumpiga tunao na nia ya kumpiga tunayo. Baba alikuwa koplo, ndoa yake bado changa. Alikuwa Brigedi ya 208, ile ambayo Machi 1979 ilizunguka usiku ikaibukia nyuma ya majeshi ya Amin na Walibya waliokuja kumsaidia pale Lukaya, ndani ya Uganda. Tarehe 11 Aprili Kampala ikaanguka.

Haya ya mapigano nimeyajua zaidi kwa kusoma. Yeye mwenyewe alisimulia matope, soksi zilizoozea miguuni, kulala migombani mvua ikinyesha, na akina mama wa Kiganda waliotoka barabarani kuwashangilia wakiwaita bakomboozi. Ukimuuliza aliua wangapi, na watoto wa mtaani walikuwa wanauliza, alinyanyuka akaenda kutafuta jembe.

Na jembe alikuwa nalo kweli. Mwalimu aliwaomba wananchi wafunge mikanda miezi 18 baada ya vita. Baba aliufunga wake mpaka sisi watoto tulipomaliza shule. Alipostaafu jeshi alirudi kijijini, akalima tumbaku misimu kadhaa, akaiacha kwa sababu moto wa kukaushia ulikuwa unamaliza miti, na miti ndiyo ilikuwa nyumba ya nyuki wake. Ada zetu zote zilitoka kwenye mpunga na asali.

Mizinga yake ilikuwa ya magome, imetundikwa juu ya miyombo, mbali na nyumba. Mavuno ni usiku. Nilikuwa namshikia kamba chini, yeye anapanda pekupeku na kienge cha moshi. Akifika anapuliza taratibu, anangoja, anapuliza tena, ndipo anaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Nyuki walimjaa mkononi akawaacha watembee, hakutikisa hata kidole. Alikata masega ya asali peke yake. Yenye watoto wa nyuki hakuyagusa hata tulipodaiwa ada. Asubuhi anachuja, anajaza madebe, anafunga mawili kwenye baiskeli, anaondoka kwenda mjini kabla jua halijawa kali. Umri ule wa kustaafu! Mimi huku nikiamshwa na zamu ya alfajiri, theluji imelala nje, nikianza kulalamika namkumbuka na baiskeli yake, navaa viatu natoka.

Kila msimu debe moja halikuuzwa. Lilikwenda Urambo kwa bibi mmoja ambaye hatukumjua ni nani kwetu. Mama alikuwa akisema tu, "Hiyo ni ya baba yenu, iacheni."

Nilipopata kazi ya kueleweka huku nilimuuliza baba anataka nimfanyie nini. Nilitegemea atasema bati, au pikipiki ili apumzike na ile baiskeli. Akasema anataka nauli ya kwenda Kaboya.

Kaboya iko Muleba, mkoani Kagera, na ndipo walipozikwa mamia ya askari wetu waliokufa katika vita ile. Mdogo wangu alimsindikiza, na yeye ndiye aliyenisimulia. Baba alivaa suti yake na medali, akapita mstari kwa mstari akisoma majina kwa sauti ya chini, asiruke hata moja. Kwenye kaburi moja akasimama wima, akapiga saluti. Kisha akachuchumaa akaanza kumpa marehemu habari za nyumbani: mkeo hajambo, miguu tu inamsumbua, binti yako wa kwanza kaolewa, ana watoto, yule mdogo anafundisha shule ya msingi, paa tulilibadilisha mwaka juzi. Alizungumza muda mrefu. Mdogo wangu akaelewa debe la Urambo lilikuwa la nani.

Mazikoni sikuweza kufika, vibali vyangu vilikuwa bado, nikayafuatilia kwenye simu mkononi. Niliwaona wastaafu wenzake, wengine na fimbo, wamesimama mstari mmoja mbele ya jeneza. Aliyesimama nyuma yao, ameshikwa mkono na binti yake, nilikuja kuambiwa ndiye yule bibi wa Urambo.

Sasa mvua zimekata kule. Juzi mdogo wangu kapanda mizinga ya baba kwa mara ya kwanza peke yake, kaumwa uso mzima, kapata madebe machache. Akaniuliza tuuze yote kwa sababu bado tuna madeni ya msiba. Nimemwambia la kwanza liende Urambo, madeni nitayatuma mwisho wa mwezi.