Tulivyoanzisha siku ya mboga za asili mtaani kwetu Mabibo

Hapa Mabibo, Dar es Salaam, tuna soko kubwa, lile ambalo wengi wanaliita Mahakama ya Ndizi. Mtu akiuliza kwa nini tujisumbue kupanda mboga wakati soko liko mlangoni, ana haki ya kuuliza. Jibu langu liko kwenye meza za soko lenyewe. Mchicha, matembele, chainizi, sukuma wiki, kisamvu, majani ya maboga, hapo umemaliza. Mgagani unaupata kwa kubahatisha. Mnafu unafika Dar umeshanyauka. Mchunga ni mpaka umjue mama anayeuleta kutoka mashamba ya pembezoni. Halafu kuna suala la maji. Tafiti zilizofanywa bonde la mto Msimbazi, hapahapa jijini, zimekuta madini kama risasi kwenye mboga zinazolimwa kule, na mnunuzi hana namna ya kujua fungu lililo mbele yake limemwagiliwa maji gani. Siwalaumu wakulima wa bondeni, wanalisha jiji kwa jasho lao. Ila nilitaka mboga ambayo maji yake nayajua, na nilitaka watoto wa mtaani kwetu wakue wakijua majani zaidi ya matatu.

Wazo lilizaliwa kwenye kikoba. Sisi wanachama tumetoka kila kona ya nchi: Wazaramo wenyeji, Wasukuma, Wagogo, Wapare, Wachaga. Siku moja tukiwa tunagawana marejesho, mazungumzo yakahamia kwenye mboga za nyumbani, na sijawahi kuona kikao chetu kikichangamka vile. Kila mmoja alikuwa na jani lake, namna yake ya kulipika, na malalamiko kwamba hapa mjini halipatikani. Nikaona kwamba elimu ambayo watu huisafirisha kutoka mbali kwa semina ilikuwa imekaa pale kwenye mikeka. Kilichokosekana ni siku na mahali.

Tukakubaliana jambo moja ambalo mpaka leo naamini ndilo lililotubeba: hakuna meza kuu. Kila anayekuja anakuja na sufuria ya mboga ya kwao, na anakuja na kitu cha kupandwa, iwe mbegu, miche au marando ya matembele. Asiye navyo anakuja na chombo cha kubebea.

Upande wa ruhusa haukuwa mgumu. Tuliandika barua kwa serikali ya mtaa, tukaonana na mwenyekiti na mtendaji, tukapewa uwanja ulio karibu na ofisi yao. Mtendaji ndiye aliyetushauri tusipange siku yetu peke yake. Kuna Siku ya Afya na Lishe, ambayo hufanyika mitaani na vijijini kila baada ya miezi mitatu, watoto wadogo wanapopimwa hali ya lishe na kina mama wanapewa ushauri. Akasema, "Kina mama watakuwa wameshakuja na watoto wao. Nyinyi leteni masufuria." Ulikuwa ushauri wa thamani kuliko fedha. Hatukuhitaji kuwaita watu, walikuwapo. Fedha zenyewe zilikuwa michango ya kikoba, ikatosha turubai, viti vya kukodi na mkaa. Spika tuliazima.

Siku yenyewe ilianza polepole, wahudumu wa afya wakizungusha ule utepe wa rangi kwenye mikono ya watoto, kijani, njano, nyekundu, na sisi pembeni tukipepea majiko. Harufu ndiyo iliyowahamisha watu. Bibi mmoja wa Kizaramo alikuwa anapika mchunga. Aliuchemsha, akamwaga maji ya kwanza kupunguza uchungu, akauacha upoe kidogo, kisha akaukamua kwa viganja mpaka ukawa madonge ya kijani kibichi. Kwenye sufuria akatia kitunguu na nyanya pamoja na tui jepesi, akarudisha madonge akiyachambua kwa mwiko, na tui zito akalimimina mwisho, akikoroga taratibu bila kuacha ili lisikatike. Wasichana waliozaliwa hapahapa Mabibo walimzunguka wakionja kutoka kwenye viganja vyao. Jirani yangu Mgogo alikuwa na mlenda mkavu uliosagwa. Aliunyunyiza kwenye maji yanayochemka huku akikoroga, na kabla hujamaliza kuuliza inachukua muda gani, mboga ilikuwa tayari. Msukuma wetu alileta nsansa, majani yaliyokaushwa juani nyumbani kwao, akayapika kwa karanga za kusaga. Mboga hizi kavu zilizungumziwa kuliko zote, maana hapa Dar tumezoea kwamba mchicha ukibaki unatupwa, kumbe kuna watu wanaula msimu wote wa ukame.

Ubishi ulikuwapo, na niliufurahia. Mhudumu wa afya alieleza kwamba mboga ioshwe kabla ya kukatwa, isichemshwe muda mrefu, na maji yake yasimwagwe kwa sababu yanaondoka na vitamini. Bibi wa mchunga akamjibu, "Mwanangu, haya maji ukiyaacha hakuna mtoto atakayekula, na hizo vitamini zako zitabaki kwenye sahani." Wakaelewana kwamba mchunga una sheria yake, na kisamvu kina yake pia: lazima kitwangwe na kichemke vya kutosha kwa sababu majani ya muhogo yana sumu inayoondoka kwa njia hiyo. Mchicha na matembele hazihitaji adhabu hiyo. Magadi yalizua mjadala mrefu, kwani yanalainisha mboga lakini yanaua vitamini C. Tulichokubaliana wote bila kubishana ni limao. Kulikamulia kwenye mboga wakati wa kula kunausaidia mwili kuchukua madini ya chuma, na chai ni vizuri isinywewe papo hapo baada ya chakula kwa sababu inayazuia madini hayo.

Mchana tulihamia kwenye kupanda. Nyumba nyingi za kwetu ni za kupanga, uwanja wenyewe ni wa kupitishia ndoo, kwa hiyo tulionyesha bustani ya salfeti. Unachukua mfuko wa salfeti na kukunja mdomo wake nje. Katikati unasimamisha kopo kubwa la maziwa lililokatwa mdomo na kitako, unalijaza kokoto, na kulizunguka unajaza udongo uliochanganywa na samadi iliyooza vizuri. Kisha unalivuta kopo juu, kokoto zinabaki zimesimama, unajaza tena, unavuta tena, mpaka mfuko unajaa. Ule mnara wa kokoto ndio mfereji wa maji: ukimwagia juu, yanafika mpaka chini. Ubavuni unatoboa matundu kwa kisu na kupachika marando ya matembele au miche ya sukuma wiki, na juu unapanda unachotaka. Samadi mbichi inaunguza mizizi, hilo tulilirudia mara nyingi kwa sababu samadi ya kuku ndiyo iliyo jirani na kila mtu hutaka kuitia siku hiyohiyo. Mbegu ya mchicha ni ndogo kama vumbi, hivyo tulionyesha kuichanganya na mchanga mkavu kabla ya kuisia ili isianguke mahali pamoja.

Kabla ya kutawanyika tulitangaza siku ya kukutana tena, na tuliipanga kwa kuufuata mchicha. Mchicha uliosiwa leo unaanza kuvunwa baada ya wiki tatu hadi nne. Tukasema: baada ya mwezi mmoja, kila aliyechukua mbegu arudi na konzi yake ya mchicha, tupike sufuria moja. Hicho ndicho ninachomwambia kila anayetaka kuanzisha jambo kama hili. Shughuli nyingi za mtaani hufa kwa sababu zikiisha hazidai kitu. Ya kwetu ilidai, na deni lenyewe lilikuwa linaota mlangoni kwa mtu, majirani wote wakiliona. Mkutano wa pili watu walikuja na mchicha kwenye beseni, kwenye khanga, mtoto mmoja na mashina machache ameyakumbatia kifuani.

Tangu hapo tunaendelea hivyo, na mazao yenyewe yanatufundisha nini kinakubali hapa. Matembele ndiyo mfalme wa Mabibo, joto halimsumbui, na rando moja unalikata vipande unampa jirani. Mgagani unaota vizuri lakini unakimbilia kutoa maua, lazima uuchume mapema na mara kwa mara. Mnafu unapenda ubaridi, kwetu unahitaji kivuli cha mchana na maji asubuhi na jioni, na waliouweka upande wa ukuta usiopigwa na jua la alasiri ndio wanaoula. Vidukari tunawapulizia maji ya sabuni ya kipande, wengine wanatumia majani ya mwarobaini yaliyotwangwa na kulowekwa usiku kucha.

Maji ya kiangazi ndiyo kazi kubwa. Bomba likikata wiki nzima, dumu linanunuliwa, na hakuna mama atakayemwagilia mboga kwa dumu la kununua. Tunatumia maji ya kuoshea mchele, maharage na mboga zenyewe, na yale ya sabuni hatuyatumii kumwagilia. Juu ya udongo tunatandaza pumba za mpunga zisaidie kutunza unyevu.

Kazi tuliyonayo sasa ni mbegu. Kila nyumba inaacha mashina mawili ya mchicha bila kuchuma mpaka yatoe masuke na kukauka, kisha masuke yanapukuchwa na kupepetwa kwenye ungo. Mmoja wetu alitoka Arusha na mbegu ya Madiira, mchicha wa majani mapana ulioidhinishwa nchini mwaka 2011 kutokana na kazi ya World Vegetable Center, taasisi ya utafiti wa mboga iliyo na kituo mkoani humo, na tumeupanda sambamba na ule wa bibi zetu tuone upi unachelewa kutoa maua kwenye joto letu. Mbegu zote ziko kwa mweka hazina wa kikoba, kwenye chupa kavu zenye majivu kidogo, na kila anayechukua anaandikwa kwenye daftari lilelile la mikopo. Anarudisha mara mbili ya alichochukua.