Robo Tatu ya Mita

Jumamosi kitindamimba wangu alikuwa akisaka vitambaa vya mfarishi wake wa kwanza, tandiko la viraka vilivyoungwa, ule wa miraba tisa tisa, akafika chini kabisa ya sanduku langu, mahali ambapo mimi mwenyewe sijafika siku nyingi. Akaibuka na kipande cha buluu kilichokunjwa mara nne. Alipokikunjua, stakabadhi ikadondoka. Ni ya ile karatasi inayochapwa kwa joto, na miaka imeifuta. Haina tena tarehe wala bei. Imebaki nyeupe, na kivuli cha kijivu pembeni.

"Mama, hiki ulikinunua kiasi gani?"

Harufu ilinifikia kabla ya swali. Kitambaa cha pamba ambacho hakijaonja maji kina harufu yake, ya wanga na ya kiwandani, na ikishakuingia puani inakupeleka inakotaka. Mimi ilinipeleka kwenye meza ya kukatia, na mkasi uliokuwa unanisubiri niseme neno.

Wakati ule nilikuwa nashona mfarishi wa Mama. Ndiye aliyenishikisha sindano kabla sijashika kalamu, na katika miaka yake yote ya kushona sikumbuki amenunua kitambaa kwa ajili ya mfarishi. Uzi alinunua, sindano alinunua. Vitambaa aliviokoa: mashati ya Baba yaliyolika kola, magauni yaliyotubana, shuka zilizochakaa katikati lakini bado nzima pembeni. Kwake kiraka ambacho hakijawahi kuvaliwa na mtu kilikuwa bado kichanga. Siku moja nilimwonyesha picha za mifarishi ya akina mama wa Gee's Bend, kule Alabama, Marekani, iliyoshonwa kwa nguo kuukuu za kazi, ambayo mwaka 2002 ilitundikwa kwenye kuta za makumbusho Houston na baadaye New York. Aliiinamia muda mrefu, akafuata mishono kwa kidole juu ya karatasi. "Hawa wanajua," akasema, akanirudishia.

Mimi nilikwenda njia nyingine. Nimeona mifarishi ya nguo kuukuu ikiraruka kiraka kimoja kimoja, kwa sababu shati limekwisha nguvu na jirani yake ndiyo kwanza anaanza maisha. Nilitaka pamba tupu, mpya, ya uzito mmoja. Hata hivyo kwa Mama nilijizuia. Katikati yote, sentimita 150 kwa 200, niliijenga kwa mabaki na vitambaa vya bei ndogo. Kilichobaki ni pindo la kuzunguka, upana wa sentimita 15. Nikaenda dukani kuangalia tu.

Jora lilikuwa juu kabisa ya rafu. Muuzaji, mama wa makamo mwenye futi shingoni, alilishusha kwa mikono miwili na kulibingirisha mezani. Tup, tup, tup, kila mzunguko ukimwaga buluu zaidi. Kwa mbali ilikuwa buluu moja, ya saa ile usiku unapoanza kukonda. Nilipoinama nikaona ni buluu tatu zilizolala moja juu ya nyingine, na kati yake majani madogo kama punje. Anayeshona anajua maana yake. Katika uchapaji wa namna ile kila rangi inahitaji kiunzi chake cha kuchapia, na vyote lazima viangukie mahali pamoja bila kupishana hata kidogo. Sehemu ya bei iko hapo. Sehemu nyingine imo kwenye uzi wenyewe, mwembamba, uliofumwa kwa kubanana hadi kitambaa kinateleza chini ya kiganja. Nilikivuta kwa mtande, nyuzi za urefu, hakikunyumbuka. Nilikivuta kwa mshindio, nyuzi za upana, kikanyumbuka kidogo na kurudi mahali pake.

Akanitajia bei ya mita. Kwa pesa ile ningepata mita nne za kitambaa nilichozoea.

Nikaanza hesabu. Kitambaa kina upana wa sentimita 110. Nikikata pindo kwa upana nitahitaji mita moja na nusu, lakini kila upande utakuwa na kiungo. Isitoshe, vipande vitakuwa vimelala kwenye mshindio, upande unaovutika, na pindo linalovutika huishia kupiga mawimbi. Nikikata kwa urefu, kufuata mtande, kila upande utatoka mzima bila kiungo na mfarishi utalala kama maji yaliyotulia. Lakini hapo ni mita mbili na robo. Tofauti ilikuwa robo tatu ya mita, na katika robo tatu ile ndimo ilimokuwa miwani yangu. Niliyokuwa nayo ilikuwa imepasuka kioo kimoja, na pesa ya mpya ilikuwa kwenye bahasha, ndani ya mkoba niliokuwa nimeubana kwapani.

"Nikate ngapi?"

Alikuwa ameshaweka chaki. Mkasi ulikuwa umefunguka, taya la chini limepita chini ya kitambaa. Nyuma yangu mtu alihamisha uzito kutoka mguu huu hadi ule. Nilikuwa natazama mkono wa yule mama, jinsi ulivyotulia. Mikono inayokata vitambaa vya watu haina haraka, kwa sababu mkasi ukishapita hapana kurudisha. Nikamfikiria Mama akipitisha kidole kwenye pindo na kukuta kiungo. Asingesema kitu. Kidole kingesimama hapo kidogo, kisha kiendelee.

"Mbili na robo," nikasema.

Hakukata. Aliendelea kufungua jora hadi likafika kwenye ubao. Akapima. "Zimebaki tatu kamili. Nikikupa mbili na robo, mimi nabaki na kipande asichokitaka mtu. Na chapa hii hawairudii." Hakunisukuma, aliniambia tu. Ni kweli, vitambaa vya mifarishi huchapwa kwa mkupuo na vingi havirudiwi. Ukikosa leo umekosa. Ningeweza kukataa. Hata leo naweza kuonyesha mahali katika ukimya ule ambapo neno "hapana" lingeingia.

"Nipe yote."

Akafunga mkasi, akauweka mezani, akakunja. Bahasha ilibaki na sarafu.

Yaliyofuata yalikwenda mbio. Nilikifua kitambaa chote kilichobaki baada ya kutenga robo tatu, kwa kuwa pamba hupungua kama asilimia 3 hadi 5 ikifuliwa mara ya kwanza, na buluu nzito nilitaka iteme rangi kwenye beseni badala ya kuitemea mfarishini. Maji yalibaki meupe. Nikashona pindo, nikapanga matabaka matatu, la juu, la kujazia na la mgongo, nikayashikanisha kwa bandi ya mkono, miezi minne, nikiwa na jicho moja linaloona vizuri. Upande wa mwisho niliushona zaidi kwa vidole. Bandi zake hazilingani, nyingine ndefu nyingine fupi. Sikuzifumua.

Mama aliupokea akiwa ameketi kitandani. Aliupindua kwanza akaangalia mgongo, kama afanyavyo kila fundi, maana mgongo hausemi uongo. Akarudi mbele. Kidole kikapita kwenye pindo, upande wa kwanza, wa pili, wa tatu. Hakikusimama. Kwenye wa nne kilipunguza mwendo.

"Hiki umekinunua."

"Ndiyo, Mama."

"Kiasi gani?"

Nikamwambia kilikuwa cha punguzo, mwisho wa jora. Mwisho wa jora ulikuwa ukweli. Punguzo nililitunga papo hapo, nikiwa nimemkazia macho mwanamke ambaye sikuwahi kumdanganya juu ya kitambaa.

Sikumdanganya kwa kuona haya. Nilikuwa naujua mkono wake. Kitu cha ghali Mama hakitumii. Hukikunja, hukiwekea karafuu za kuzuia nondo, hukitunza kwa ajili ya siku isiyofika. Kwa kuwa kilikuwa cha punguzo, mfarishi ulilala kitandani usiku ule ule. Aliutumia miaka tisa. Aliuketia jua likichwa, aliwafunika wajukuu wenye homa, aliufua kila ulipochafuka na kuuanika bila kuuonea huruma. Buluu zile tatu zilififia pamoja, taratibu, hadi zikawa kitu laini nisichoweza kukinunua popote kwa bei yoyote.

Kama mwaka hivi kabla hajatutoka, tulikuwa tunaukunja pamoja, kila mmoja ameshika ncha zake. Tulipokutana katikati akasugua pindo kati ya kidole gumba na cha shahada. "Kitambaa cha punguzo hakifuliki hivi," akasema. Kisha akachukua ncha zangu, akamalizia kukunja mwenyewe. Nilikuwa na nafasi ya kumjibu. Nikaenda kuchemsha maji.

Tangu hapo najiuliza alijua lini. Huenda ni siku ile. Huenda ni siku ya kwanza kabisa, kidole kilipopunguza mwendo, na akaamua kunikubalia uongo wangu ili naye apate ruhusa ya kuutumia. Nikishika upande huu wa jambo naona nilimkosea heshima. Nikishika upande wa pili naona miaka tisa ya mfarishi kitandani. Sijapata namna ya kuviunganisha bila kiungo kuonekana.

Basi Jumamosi, mtoto amesimama mbele yangu na kipande kile begani. Ameshakipenda. Ameshakipima kwa macho, anajua kitatoa miraba mingapi, na mkasi uko mkononi. Anangoja jibu.

Nikamwambia ukweli. Nilimtajia bei ya mita, kisha ya mita tatu, nikamweleza na habari ya miwani. Nilidhani ana haki ya kujua kitambaa kimetoka wapi kabla hajakikata.

Alinyamaza. Akaweka mkasi mezani. Akakikunja kipande mara nne, kwa mikunjo ile ile ya zamani, polepole sana, kama anayerudisha kitu cha watu. Halafu akachukua penseli, akaandika kwenye stakabadhi ile nyeupe tarakimu nilizomtajia, akaiweka ndani, na kukirudisha chini kabisa ya sanduku.