Januari ya kutafuta mtaala

Mwaka 2023 binti yangu alikuwa anaingia S2, yaani kidato cha pili, ana miaka 14, na ana siko seli, ugonjwa wa selimundu. Wenye watoto wa siko seli wanaijua bodingi, kuamka saa kumi na moja alfajiri, kuoga maji ya baridi, kusimama foleni ya uji kwenye umande, halafu maumivu yakimshika anapewa panadol anaambiwa rudi darasani. Muhula wa tatu wa 2022 aliumaliza zaidi kwa wodi kuliko kwa dawati. Baba yake akasema basi, huyu atasomea hapahapa nyumbani, mwalimu wa kumsaidia tutatafuta, vitabu tutanunua. Mimi nikasema sawa, lakini vitabu gani sasa? Hapo ndo Januari yangu yote ikaisha.

Busia bwana, ukikaa upande wa Uganda, Kenya iko hapo tu, unavuka kununua unga unarudi chai haijapoa. Kwa hiyo shemeji yangu wa ng'ambo hakuchelewa, akaja na gunia la vitabu vya Form 2 kwa boda, "Chukua hivi shemeji, Kenya wanasomesha." Vitabu vizuri, sikatai, na Kiswahili chake kimeshiba. Ila Januari hiyohiyo wenyewe Kenya ndo walikuwa wanaanza gredi ya saba ya CBC, mtaala wao mpya, junia sekondari inawekwa kwenye shule za praimari, na 8-4-4, ule wa zamani wenye hivyo vitabu, inaelekea mlangoni. Nipandishe mtoto kwenye basi ambalo dereva anajiandaa kushuka? Gunia nikaliweka chini ya kitanda, kwa heshima.

Jirani yetu mmoja, watu wa wokovu, watoto wake wanasoma kwa ACE, ule mtaala wa Kikristo wa Marekani, vijitabu vyembamba 12 kwa kila somo kwa mwaka, mtoto anajisomea anajisahihisha mwenyewe, akienda kwa testi akapata chini ya 80% anarudia. Mfumo huo nilitamani jamani, kwa mtoto ambaye wiki moja yuko sawa wiki nyingine yuko kwa dripu, kwenda kwa mwendo wake ni dawa. Lakini dini iko ndani ya kila kitu humo, mpaka hesabu, na sisi ni Waislamu, mama mkwe alifungua kurasa mbili akanirudishia bila neno.

Halafu watu wa Kampala wakasema Cambridge, mtaala wa Uingereza. Nikaenda stesheneri kuprinti silabasi ya Biology ya IGCSE, mtihani wao wa kidato cha nne, karatasi zikawa kama Kurani kwa unene. Kilichonivuta pale ni kwamba kwenye sayansi kuna pepa inaitwa Alternative to Practical, mtoto anaulizwa mambo ya maabara kwa kalamu tu, na maabara mimi sina, nina jiko la mkaa. Nikaanza kuona mwanga. Nikapigia simu mtu wa kuniuzia vitabu, bei akanitajia nikakata kwanza nikanywa maji.

Sasa kuna mwalimu mstaafu, rafiki wa marehemu baba, alikuja kumpa mtoto pole, akakuta meza imejaa makaratasi. Nikamwelezea yote, huyu anasema hivi yule vile. Mzee akasikiliza weee, akamaliza chai, akaniuliza, "Mama, mtihani ataufanyia wapi?"

Sikuwa na jibu. Akaanza kunipanga. Mtihani wa UNEB, baraza la mitihani la Uganda, huwezi kujisajili mwenyewe kutoka sebuleni kwako, unasajiliwa na shule yenye senta namba, namba ya kituo cha mtihani. Na mtaala huu wetu mpya wa Uganda uliozinduliwa 2020, alama 20 kwa mia zinatoka kwa kazi za darasani miaka yote, zile 80 ndo za mtihani wa mwisho, sasa hizo 20 nani atampa, wewe? Na ukienda Cambridge, unalipa kwa kila somo, tena kwa hesabu ya pauni, halafu akitaka kuingia S5 shule ya hapa lazima matokeo yapelekwe UNEB yalinganishwe na ya kwetu. "Anataka kuwa nani huyu?" Binti mwenyewe akajibu kutoka kitandani, mtu wa maabara, wale wanaomchoma sindano kila siku, anataka akawafundishe kazi. Mzee akacheka. Akasema basi huyu anahitaji kushika darubini, si kuulizwa habari zake.

Kesho yake nikamletea binti vitabu vya mtaala huo mpya wa Uganda, vya NCDC, kituo cha serikali kinachotunga mitaala, nilivyoazima. Nilivipuuza kwanza kwa sababu pastpepa hazikuwepo hata moja, kundi la kwanza lilikuwa bado hata halijafanya UCE, mtihani wa mwisho wa kidato cha nne, lilikuja kufanya 2024. Binti akafungua mwisho wa sura, pale pa activity of integration, zoezi la kutumia yote uliyosoma, wanakupa kisa: kijiji fulani watu wanaugua tumbo, mwenyekiti wa LC, baraza la kijiji, amekuita uwashauri. Hakuandika chochote. Alimwita bibi yake. Wakaanza kubishana habari ya kisima cha huku kwetu, bibi anasema maji yale ameyanywa toka ujana hayajamuua, mtoto anasema na waliokufa bibi hatuwezi kuwauliza, ikaendelea mpaka magharibi, mimi naosha vyombo nasikiliza. Nikajua tumepata.

Kilichobaki kilikuwa shule. Ya kwanza hedi alinitazama kama nimekuja kuomba cheti cha bure. Ya pili, ndogo tu, ya kutwa, hedi wake ana mpwa mwenye siko seli, hakuhitaji hotuba. Akasema mtoto abaki kwenye rejista yao, Ijumaa aje afanye praktiko na walimu wampe alama zake, siku akiugua kazi zitumwe WhatsApp, na karo tulipe nusu. Baba yake akaanza kuomba robo, hapo hapo ofisini, nikamkanyaga mguu chini ya meza. Tukalipa nusu.